Kivuli Chako Kinatosha: Picha Nyeusi na Nyeupe za Bi Harusi Msimu wa Kipupwe



Kila kipupwe kikiingia, simu zetu hujaa picha wanazotutumia maharusi watarajiwa wakiuliza, "Dada, na mimi nataka hivi, nimwambie nani?" Mwaka huu nyingi ni za aina moja. Ni picha nyeusi na nyeupe, zimepigwa nje wakati wa baridi ya Ulaya: bi harusi kasimama njiani, miti imepukutika majani, kivuli chake kimelala chini kirefu kama mnazi. Picha zenyewe nzuri, hatukatai. Tatizo linakuja siku ya shughuli. Bi harusi anatolewa saluni saa sita mchana, anapelekwa ufukweni, jua linamwakia, anakunja uso, jasho linapita juu ya poda, halafu picha zinageuzwa nyeusi na nyeupe kwenye kompyuta. Akiletewa anauliza mbona hazifanani na zile. Hazifanani kwa sababu kilichozipamba zile si kukosa rangi. Ni mwanga unaotoka pembeni.

Leo tunataka kusema jambo moja na tulitetee. Bi harusi wa Kiislamu wa visiwani halazimiki kuigiza baridi ya watu, wala halazimiki kutoa uso wake ili apate kumbukumbu ya harusi yake. Kipupwe chetu kina mwanga wake, na kivuli chako mwenyewe ndani ya mwanga huo kinaweza kukupa picha yenye stara na yenye maana kuliko albamu nzima ya ufukweni. Hili tulijifunza kwa vitendo Korogwe na Handeni, Julai iliyopita, na tutawasimulia.

Baridi yao, kipupwe chetu

Tuanze na jua. London, siku ya Disemba 21, jua likifika juu kabisa adhuhuri huwa limepanda nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho. Mtu akisimama nje, kivuli chake kinazidi mara tatu na nusu ya kimo chake, na hiyo ndiyo saa ambayo kivuli ni kifupi kuliko zote za siku ile. Kwa hiyo dada zetu walioko kule, jua likiwatokea wakati wa baridi, kutwa nzima wana mwanga wa pembeni unaochora kila mkunjo wa nguo.

Sisi tuko karibu na Ikweta. Korogwe na Handeni ziko kama nyuzi 5 kusini ya Ikweta, Unguja kama nyuzi 6. Mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua linapita utosini na kivuli cha adhuhuri kinaingia chini ya miguu. Bi harusi akipigwa picha saa hiyo, nyusi na pua vinamtia giza usoni, macho yanakuwa mashimo mawili, na hakuna poda ya kuliondoa hilo.

Juni na Julai mambo yanabadilika, kwa sababu jua limehamia kaskazini. Hata adhuhuri kivuli cha mtu kinabaki na urefu wa nusu ya kimo chake, nacho kinaangukia kusini. Saa mbili asubuhi kinakaribia mara tatu ya kimo chako. Saa tatu kimeshapungua, kimebaki kama kimo chako na nusu yake. Kuanzia saa kumi jioni kinarudi kurefuka vilevile, mpaka jua linapozama baada ya saa kumi na mbili. Mwanga wanaoupata wenzetu siku nzima sisi tunaupata kwa muda mfupi asubuhi na muda kama huo jioni. Unatosha. Tena masika yamekwisha, kusi linavuma, joto limepungua, na vipodozi vinakaa usoni badala ya kuteremka shingoni.

Kivuli si kigeni kwetu

Wapo watakaosema kuhangaika na vivuli ni mambo ya wasanii wa mbali. Sisi tunasema hakuna watu waliofundishwa kutazama kivuli kuliko Waislamu. Kabla ya saa za ukutani, Adhuhuri ilijulikana kwa kivuli kuanza kurefuka tena baada ya jua kupinduka. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu hapa, inaingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiondoa kile kivuli kilichokuwepo jua lilipokuwa juu kabisa. Ndiyo maana kwenye kipupwe, Alasiri inapoingia, kivuli chako kinakuwa kirefu kuliko wewe kwa zaidi ya nusu. Saa ya adhana ya Alasiri na saa ya mwanga mzuri wa picha zinakutana. Tunawashauri: swalini kwanza, kisha tokeni nje.

Kuna jingine ambalo wengi hatujalitia maanani. Kutoka Korogwe, Handeni na Unguja, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Kwa hiyo ukisimama kuswali Adhuhuri nje mwezi wa Juni au Julai, jua liko mbele yako upande wa kibla, na kivuli chako kiko nyuma yako. Na kila mwaka karibu na Mei 28 na Julai 16, kiasi cha saa sita na robo au saa sita na nusu mchana, jua linasimama juu ya Al-Kaaba yenyewe. Dakika hizo kivuli cha kila kitu hapa kwetu kinatoka kibla na kurudi nyuma. Watu huitumia siku hiyo kuhakikisha kibla cha nyumba na misikiti yao. Suratul Furqan, aya ya 45 na ya 46, zimetuelekeza tukitazame kivuli na tumfikirie Anayekirefusha na kukivuta. Basi anayekitazama kivuli kwa adabu hajapotea njia.

Na kamera nayo ina jamaa zake katika umma huu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuishi Misri, aliandika Kitabu cha Manadhir miaka elfu moja iliyopita. Alichunguza kwa vyumba vya giza na tundu dogo jinsi mwanga unavyosafiri kwa mstari ulionyooka. Chumba cha giza chenye tundu ndio msingi wa kamera zote, hata hiyo iliyo kwenye simu yako.

Kuhusu hukumu ya picha, wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani, na dada anayejizuia kabisa hatumkosoi. Tunazungumza na wale ambao nyumbani kwao picha zinapigwa, lakini wanataka mipaka.

Yaliyotupeleka Korogwe

Mdogo wetu mmoja aliolewa mwaka jana. Baba yake mtu wa Unguja, mama yake Mzigua wa Handeni. Usiku wa kupambwa, shughuli ya wanawake watupu, alipigwa picha na mpiga picha wa kike tuliyemkodi kwa kuaminiana. Kabla hata ya nikaha, picha yake ya kichwa wazi ilikuwa imeshatumika kutangaza kazi za yule mpiga picha. Aliiona shemeji yake wa kiume kabla hatujaiona sisi. Iliondolewa baada ya kubembeleza, lakini mtandaoni kilichotoka kimetoka. Mdogo wetu alilia kwenye harusi yake mwenyewe, na tangu siku hiyo akaapa hapigwi picha tena.

Bibi yake mzaa mama hakuweza kuja harusini. Ni mtu mzima sana, na macho yake yana mtoto wa jicho. Anasubiri kufanyiwa upasuaji. Ujumbe aliotuma ulikuwa mmoja: mleteni mjukuu wangu nimwone, na mniachie picha niitundike.

Tukapanda boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi la njia ya Chalinze na Segera mpaka Korogwe, kwa mama yake mdogo. Usiku ule kulikuwa na baridi ya kutaka blanketi, sisi watu wa pwani tukachekwa. Mama mdogo alipozungumza na Handeni kwa simu, bibi akaomba kusemezana na bi harusi.

"Picha yangu umeileta?"

"Bibi, mimi picha siku hizi sipigi. Nisamehe."

"Sawa mwanangu. Basi ukiondoka utaniachia nini?"

Mdogo wetu hakuwa na jibu. Na sisi tuliokuwa tukimtetea siku zote hatukuwa nalo.

Asubuhi ya mkonge

Kesho yake baada ya Alfajiri tulitoka na mama mdogo kwenda kwa jamaa zake, njia inayopita kando ya shamba la mkonge. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ulianza na miche 62 tu iliyookoka safarini. Leo ukipita Korogwe unaona mistari yake imenyooka mpaka inapotea, na nyuma yake milima ya Usambara. Kwa mchana ni kijani cha vumbi, hakivutii. Lakini jua lilipochomoza, saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, kila jani lilipata upande mweupe na upande mweusi. Mbele kidogo nyuzi za mkonge zilikuwa zimeanikwa kwenye nyaya, nyeupe, safu baada ya safu, na chini yake kuna vivuli vya mistarimistari.

Hatukumwambia kitu. Yeye mwenyewe mdogo wetu alitoa simu, akakipiga picha kivuli chake barabarani: buibui limejaa upepo, mkono mmoja kiunoni, na pembeni kivuli cha mama mdogo na kikapu chake kichwani. Akaigeuza nyeusi na nyeupe. Hakuna uso, hakuna nywele, hakuna mtu wa nje anayeweza kusema ni nani. Mama mdogo akaitazama akacheka: "Huyu ni wewe mtupu. Mkono huo wa kiunoni umeurithi kwa mama."

Ndipo tulipojua tutampelekea bibi nini.

Ukuta wa Handeni

Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni kama kilomita 65, barabara ya lami, nchi inapanda taratibu kwenye vilima na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Bibi alimpokea mjukuu wake kwa mikono: alimshika uso, akamshika mabega, akauliza kama amekonda. Tukamweleza tunataka kupiga picha za vivuli, nyeusi na nyeupe. Hakupendezwa.

"Picha zisizo na rangi ni za watu waliokufa."

Hatukubishana naye. Tukalala. Asubuhi saa tatu kasoro jua lilikuwa likipiga ukuta wa mashariki wa nyumba yake, uliopakwa chokaa. Mdogo wetu alimtandikia mkeka karibu na ukuta akamketisha kwenye kigoda, mgongo kwenye jua ili apate joto, kama bibi wote wapendavyo asubuhi za kipupwe. Kisha akasimama pembeni yake akimtengeneza kanga kichwani. Kwenye chokaa kulikuwa na watu wawili weusi: mmoja ameketi ameinama kidogo, mwingine amenyoosha mkono juu ya kichwa chake. Tulipiga picha tatu tu. Ya pili ndiyo iliyokuwa.

Kwenye simu bibi hakuiona. Alisema anaona kitu kinang'aa. Picha za harusi za rangi tulizomwonyesha kabla ya hapo aliziita "maruwaruwa". Mtoto wa jicho hufifisha rangi na kuchanganya vilivyokaribiana. Tukarudi Korogwe, tukaichapisha kubwa kwenye duka la picha la mjini: nyeupe yake nyeupe kweli, nyeusi yake nyeusi kweli, haina kijivu kingi katikati. Mama mdogo akaipeleka wiki iliyofuata.

Alitupigia simu tukiwa tumeshafika Unguja. Bibi aliishika karibu na dirisha akaizungusha, akaweka kidole. "Huyu mimi. Huyu mwenye mkono ni mwanangu." Maneno ya picha za waliokufa hakuyarudia. Alilotaka ni msumari upigwe chini, usawa wa anapokaa, kwa sababu ikitundikwa juu hataifikia kuigusa.

Yanayosemwa dhidi yake

Tumeshasikia mengi tulipolieleza hili kwenye vikao vya wanawake, na baadhi yake ni ya haki.

La kwanza ni lile la bibi: picha hizi zinakumbusha misiba. Tunalielewa. Picha za wazee wetu waliotangulia ni nyeusi na nyeupe, lakini ni kwa sababu wakati wao picha za rangi hazikuwa zimeenea. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio hapa Unguja mwaka 1930, maharusi walipigwa nyeusi na nyeupe katika furaha yao. Wengi wa waliomo kwenye picha zile siku ile walikuwa wanacheka. Umauti umekuja baadaye, kwa picha za rangi utakuja vilevile.

La pili: harusi ni rangi. Hili ni kweli, na hatutaki mtu atupe rangi zote. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukiipiga picha bila rangi, nyekundu inakaribiana na nyeusi na kanga nzuri inaonekana tope. Hina nayo juu ya ngozi yetu inapotea. Programu nyingi za kuhariri picha kwenye simu zinakuruhusu kuongeza au kupunguza mwanga wa rangi moja moja kabla ya kuondoa rangi. Ukiongeza nyekundu, kisutu kinajitenga na weusi wake. Ukipunguza nyekundu, hina inakoza, lakini ngozi nayo inaingia giza, kwa hiyo nenda kidogo kidogo. Na tafadhalini, msikimbilie piko kwa ajili ya picha. Ile inayochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi huunguza ngozi na kuacha kovu, na kovu halina picha nzuri. Wekeni picha chache za rangi kwa ajili ya hina na dhahabu, ndani, mikononi mwa mnayemwamini.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi: "Picha nyeusi na nyeupe itanifanya mweusi." Dada, kwani u nani? Tumechoka kuona bi harusi mwenye rangi yake ya kupendeza akitolewa kwenye albamu mweupe kama karatasi, mpaka watoto wake watauliza huyu ni nani. Ngozi yenye weusi ndiyo inayopokea mwanga wa pembeni vizuri: inang'aa kwenye shavu, inazama kwenye shingo, unaona umbo. Inachohitaji ni mpiga picha anayejua kazi, asiyetumia filta ya kukuchubua.

Kama utataka kujaribu

Huhitaji kamera ya bei. Simu inatosha, na dada yako au somo wako kuwa mpiga picha.

Chagua saa. Kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi, au baada ya Alasiri. Kama shughuli inakubana mchana, tafuta baraza linalotazama kusini: Juni na Julai jua liko kaskazini, kwa hiyo huko kuna kivuli tulivu saa za mchana, kizuri kwa picha ya mikono au ya ushungi.

Chagua ukuta au ardhi isiyo na mambo mengi. Chokaa, mchanga, uwanja uliofagiwa. Kivuli kikiangukia majani na vikapu kinavunjika. Ukitaka kivuli chenye ukingo mkali, sogea karibu na ukuta.

Linda weupe. Shela jeupe kwenye jua likizidiwa na mwanga linakuwa doa lisilo na nyuzi wala mkunjo, na hakuna wa kukurudishia. Gusa shela kwenye kioo cha simu, kisha punguza mwanga mpaka uone mikunjo yake. Kama ni picha ya kivuli, weusi wa kivuli uache uwe mweusi.

Fikiria umbo, si uso. Kivuli kinapenda vilivyoachana: mkono usibane mwili, kikapu kisigusane na kichwa. Na kumbuka stara ina kivuli chake: jua kali likiwa nyuma ya nguo nyepesi linaonyesha mwili ndani yake. Kagua kila picha kabla hujampa mtu.

Chapisha. Hili tunalisisitiza. Picha mia saba kwenye simu zinakufa simu ikianguka majini. Picha moja ukutani kwa bibi inatazamwa kila siku.

Na makubaliano yaandikwe

Msiogope kumwandikia mpiga picha masharti, hata akiwa jamaa. Andika picha zipi hazitoki kamwe, nani anazihariri, zinafutwa lini kwenye vifaa vyake, na kwamba hatumii hata moja kujitangaza bila ridhaa yako ya maandishi. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hili la ridhaa si wivu wa wanawake wa mashungi. Ni haki. Na wageni waalikwa waambiwe mlangoni, kwa upole, simu zibaki mikobani.

Tukiri pia kosa letu. Siku ile ya kupambwa ni sisi tuliosema "ni mwenzetu, hana neno", hatukuandika kitu. Mdogo wetu ndiye aliyelipa.

Mpaka leo hajarudi kupigwa picha za uso, na hatumshawishi. Lakini kila kipupwe anasema atakwenda Handeni, na safari hii bibi akishafanyiwa macho, inshallah, anataka wapige tena pale pale ukutani. Bibi ameshatuma masharti: atavaa kisutu chake, na tusimwambie kwamba nyekundu haitoonekana.

Maharusi wetu wa msimu huu, Allah azijaalie ndoa zenu ziwe za mapenzi na huruma, awasitiri duniani na akhera, na awape cha kuwaachia wanaowapenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.